Boksi la Juu ya Keria: Tazama Mdomo Kabla ya Ubavu

Wanunuzi wengi wakitaka boksi la kupandisha juu ya keria huligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Wakisikia limelia kizito, wanatoa pesa. Lakini ubavu haujawahi kuwa tatizo. Plastiki nene haipitishi maji, na bati la alumini halipitishi. Maji hupita mdomoni, pale kifuniko kinapokutana na boksi, na hupita kwenye matundu ya bolti ambayo fundi ametoboa ili kulifunga kwenye keria. Kwa hiyo lifungue kwanza, kisha pitisha kidole taratibu kwenye mpira wa ukingo, pembe zote nne.

Kigombe, kijiji cha wavuvi wilayani Muheza kwenye njia ya Tanga kwenda Pangani, ni mahali ambapo boksi baya halifichiki. Huku kuna mashamba ya mkonge na vumbi lake, huku bahari na chumvi yake, na juani mchana kutwa hakuna pa kuegesha ila chini ya mnazi, jambo ambalo mwenye kioo cha mbele kizima hapendi kulijaribu. Masika huanza Machi na kuendelea mpaka Mei, kisha vuli huja miezi ya mwisho wa mwaka. Pwani hii imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, na baadhi ya wanaokuja hubeba kamera, mahema na vifaa vya kuzamia, vitu ambavyo kulowa kwake ni hasara ya kweli.

Kwenye maboksi ya viwandani utakuta herufi IP na tarakimu mbili. Hicho ni kipimo cha kimataifa. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa: haliingii hata chembe. Ya pili inahusu maji: 5 maana yake boksi limepigwa maji ya bomba kutoka kila upande likastahimili, 7 maana yake limezamishwa hadi mita 1 kwa nusu saa. Watu huona 7 wakadhani imemeza 5. Sivyo. Maji yaliyotulia na maji yanayorushwa kwa nguvu ni majaribio mawili tofauti, na mvua inayokupiga gari likiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa inafanana zaidi na hayo ya pili. Kwa keria, IP65 inatosha kabisa. Tena kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu chumvi, wala hakisemi mpira utakuwaje baada ya miaka miwili ya jua la Tanga.

Lililo gumu kueleweka ni kwamba boksi linapumua. Limekaa juani hadi hewa ya ndani imefika nyuzi joto 50. Likaja wingu kutoka baharini, mvua ikashuka, hewa ile ikapoa hadi 25. Hewa ikipoa hunywea, na hapa hunywea kwa karibu asilimia 8. Boksi la lita 100 linataka kuvuta karibu lita 8 za hewa kutoka nje, na wakati huo huo mfereji wa mpira umejaa maji ya mvua. Litavuta nini? Ndiyo maana mtu anafungua boksi lisilo na ufa wowote akakuta blanketi limelowa upande mmoja, akaanza kumlaumu aliyemuuzia. Na boksi likiwa limeziba barabara, kifuniko hunasa kana kwamba kimegundishwa. Dawa ya yote mawili ni vali ndogo ya hewa ubavuni, iwe ya kuzungusha kwa mkono au yenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Boksi kubwa linalosifiwa kuwa halipitishi maji lakini halina vali, mimi nisingelinunua.

Kuna na upande wa pili wa jambo hilo. Boksi linalozuia unyevu usiingie huuzuia usitoke. Ukipakia nguo mbichi za kuogelea asubuhi, usiku boksi likipoa utakuta matone yamening'inia chini ya kifuniko. Kamera na simu ziwe na mfuko wao wenye vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu, na nguo mbichi zipelekwe kwenye gunia nje.

Tukija kwenye vyuma, hapa ndipo pwani inapokula pesa za watu. Bolti zinazong'aa dukani mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikinasa kwa nguvu kwenye bolti au bawaba, usitegemee chuma hicho kifike mbali karibu na bahari. Stenlesi nzuri ya baharini, ile ya daraja 316, haivutwi au huvutwa kidogo sana. Lakini bolti ya stenlesi ikigusana moja kwa moja na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa: utaona unga mweupe ukizunguka tundu, kisha tundu linapanuka. Weka washa ya plastiki au ya mpira katikati. Gharama yake ni ndogo mno kuliko ya boksi.

Kuhusu plastiki, nyeusi ya aina ya matangi ya maji hustahimili jua kwa sababu ya masizi yaliyochanganywa ndani yake, ingawa hupata joto zaidi. Plastiki ngumu inayong'aa isiyo na kinga ya jua hupauka, kisha hukatika kwenye bawaba bila onyo.

Uzito nao. Magari mengi madogo huruhusiwa kubeba juu kati ya kilo 50 na 100, na hesabu hiyo inajumuisha keria yenyewe na boksi tupu. Soma kitabu cha gari. Boksi la bati lenye kilo 20 limeshakula sehemu kubwa kabla hujaweka sufuria. Mwendo ukipanda kutoka 40 hadi 80, nguvu ya upepo haiwi mara mbili, huwa mara nne. Kwa hiyo boksi la kimo kifupi lililolala kwa urefu ni bora kuliko la kusimama, na bawaba zielekezwe mbele ili klipu ikifunguka njiani upepo ukandamize kifuniko badala ya kukibeba. Kulifunga, tumia bolti au mikanda ya kukaza kwa wenzo. Najua niko mkoa wa mkonge, lakini kamba ya katani ikilowa hufura na kujikaza, ikikauka hulegea, na hapo mzigo unaanza kucheza bila dereva kujua.

Kabla ya kulipa, bana kipande cha gazeti kati ya kifuniko na mpira, funga klipu, kisha kivute. Kikitoka bila ubishi, mahali hapo mpira haukandamizwi. Rudia kwenye pembe, maana ndiko mpira huunganishwa. Ukishalifunga kwenye gari, liache juani hadi lipate moto, weka magazeti makavu ndani, ndipo upeleke gari kwa waosha magari wa mashine. Kulimwagia maji likiwa baridi kivulini hakupimi kitu.

Samaki wa Kigombe wasipandishwe humo. Wana boksi lao la barafu, na maji yao ya chumvi yakichuruzika juu ya paa yatakula mifereji ya bodi taratibu. Petroli na mtungi wa gesi pia visifungiwe kwenye boksi lililozibwa, kwa sababu mvuke ukivuja hauna pa kwenda.

Asiye na uwezo wa boksi la kiwandani atafute pipa la bluu lenye kifuniko cha pete ya chuma na mpira, lililobeba chakula na si kemikali, alilaze kwa urefu wa gari na kulifunga kwa mikanda miwili. Haliwi na sura nzuri wala vali, ila mdomo wake ni mzima kuliko maboksi mengi ya bei kubwa.

Ukirudi kutoka ufukweni suuza mpira na klipu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe, kisha upake grisi ya silikoni kidogo. Usipake grisi ya bearingi wala oili chafu ya gereji. Mipira mingi inayostahimili jua haivumilii mafuta ya petroli. Hufura, hulainika, na safari inayofuata hubaki kwenye kifuniko vipande vipande.