Rusizi: Kwa nini mtaro hupimwa kwa mvua ambayo haijanyesha

Mji wa Kamembe, kitovu cha biashara cha Wilaya ya Rusizi kusini magharibi mwa Rwanda, umejengwa juu ya vilima vinavyoteremkia Ziwa Kivu. Mvua kubwa inaponyesha, maji ya mapaa na barabara hufika bondeni kwa muda mfupi. Mtaro ukiwa mdogo, maji huacha njia yake na kuchimba korongo kati ya nyumba.

Hatari ya mvua za aina hiyo ilidhihirika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yalipowaua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika Jimbo la Magharibi, ambamo Rusizi imo. Mji huo pia ni mmoja wa miji sita ya ngazi ya pili iliyojengewa barabara na mitaro kupitia mradi wa maendeleo ya miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Je, upana wa mtaro huamuliwaje?

Wahandisi hutumia kile kinachoweza kuitwa mvua ya kubuni. Hii si mvua iliyokwisha kunyesha, bali ni mvua inayokokotolewa kutokana na kumbukumbu za miaka mingi. Huingizwa katika programu ya kompyuta kama SWMM, iliyobuniwa Marekani mwaka 1971 na inayopatikana bila malipo. Programu huonyesha mahali ambapo mtaro utafurika.

Kwa mfano, mvua ya milimita 60 kwa saa ikinyesha kwenye hekta moja iliyofunikwa kwa saruji na mabati, yaweza kutoa lita 150 za maji kila sekunde. Hekta hiyo ikiwa na nyasi na miti, kiasi chaweza kushuka hadi lita 50.

"Mvua ya miaka 10" maana yake nini?

Haimaanishi kwamba hunyesha mara moja kila baada ya miaka 10. Maana yake ni kwamba kila mwaka ina uwezekano wa asilimia 10 kutokea. Katika muda wa miaka 10, uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni takriban asilimia 65.

Udhaifu wa hesabu hizi uko wapi?

Kwanza ni kumbukumbu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, vituo vingi vya kupima mvua nchini Rwanda vilinyamaza kwa miaka mingi, na pengo hilo limezibwa kwa makadirio ya setilaiti. Aidha, kipimo cha mara moja kwa siku hakielezi kama milimita 40 zilinyesha kwa nusu saa au kutwa nzima, ilhali kwenye miteremko mikali nusu saa ndiyo huamua.

Pili, kwa kawaida kompyuta huchukulia kwamba mtaro ni safi. Ukijaa taka na udongo, hesabu yote hubatilika, na wanaoishi bondeni ndio hutangulia kuathirika.