Kimya cha simu si jibu la daktari

Ulitoa makohozi au damu kliniki, ukaandikisha nambari ya simu, ukaambiwa, "Nenda nyumbani, majibu yakitoka utapata ujumbe." Juma la kwanza likapita, la pili likaisha, na simu haijalia. Ukajituliza moyo: kama kungekuwa na jambo baya, wangekuwa wameniita.

Msomaji, wazo hilo limewagharimu watu wengi afya yao, na wengi wa wagonjwa wangu kutoka Kibera na Kawangware huja nalo kichwani. Kimya cha simu kina maana nyingi, na "wewe ni mzima" ni moja tu kati ya hizo. Ili ujikinge, yafaa ujue ujumbe huo hutoka wapi na mahali unapoweza kupotelea.

Kompyuta inayolinda daftari

Zamani habari za mgonjwa zilikaa katika faili la karatasi na kitabu kikubwa cha rejista. Siku hizi vituo vingi huziweka katika rejista ya kompyuta, ambayo wataalamu huiita hifadhidata. Hapa Kenya mfumo mmoja unaojulikana sana ni OpenMRS, ulioanza kutumiwa Eldoret mwaka wa 2006. KenyaEMR, unaotumiwa na kliniki nyingi za Ukimwi nchini, ulijengwa juu yake.

Chukulia rejista hiyo kuwa daftari lenye mistari. Mstari wako una jina, nambari ya kliniki, nambari ya simu, aina ya kipimo na tarehe. Nafasi ya majibu huachwa tupu. Mtaalamu wa maabara anapoijaza, programu inayoilinda nafasi hiyo hutambua kwamba kuna kitu kimebadilika. Papo hapo hutunga taarifa kwa maneno yaliyowekwa tayari, huipanga foleni, kisha huituma: barua pepe kwa kliniki, arafa kwa mgonjwa. Mtandao ukikatika, mfumo uliotengenezwa vizuri huiweka taarifa hiyo na kujaribu tena. Hakuna karani aliyeketi kuiandika.

Faida yake ni wakati. Mtambo wa GeneXpert hupima kifua kikuu kwa muda wa saa 2 hivi. Lakini majibu yakilala mezani siku 10, saa hizo 2 hazimsaidii mama anayelala chumba kimoja na wanawe 4 kule Gatwekera. Yeye anaendelea kukohoa, nao wanaendelea kuvuta hewa hiyo hiyo.

Mahali mnyororo unapokatika

Kwanza, programu huona badiliko tu. Kama kikopo cha makohozi kilimwagika njiani, au kibandiko chenye jina lako kilibanduka, hakuna atakayeijaza nafasi ile. Pasipo badiliko hapana ujumbe. Kompyuta itanyamaza kana kwamba hukuwahi kukanyaga kliniki.

Pili, nambari za simu hubadilika. Mitaani mwetu simu huibwa, huuzwa, huwekwa rehani, na laini isiyotumiwa kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine. Tarakimu moja ikikosewa, habari zako zitamfikia mtu usiyemjua aliye Kisii au Voi. Programu nayo itaandika "imetumwa". Neno hilo lina maana kwamba ujumbe uliondoka. Halisemi ulisomwa na nani.

Tatu, kuna barua pepe inayokwenda kliniki. Ikiwa anwani ni ya afisa mmoja, naye amehamishwa au yuko likizoni, taarifa itamngoja yeye. Nyingine huangukia sanduku la barua taka. Tena kuna uchovu. Daktari anayepokea taarifa 60 kwa siku, nyingi zikiwa za mambo madogo, macho yake huzoea kuziruka, na ile ya maana huenda pamoja nazo. Kituo kinachojali hutuma taarifa chache, huzipeleka kwa anwani ya kituo, na humteua mtu wa kuzisoma kila asubuhi.

Kengele ya jambo ambalo halikutokea

Je, kompyuta inaweza kufundishwa kushtuka pale ambapo hakuna kilichobadilika? Naam. Ni kuiambia ihesabu siku tangu kipimo kilipochukuliwa, na zikipita kiasi fulani nafasi ya majibu ikiwa bado tupu, ipige kengele.

Kenya ina mfano mzuri. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi hupimwa akiwa na majuma 6, kisha hurudiwa anapoendelea kukua. Matone ya damu yake hukaushwa kwenye kadi na kupelekwa maabara. Hapo kuchelewa ni hatari kubwa: bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Baadhi ya vipimo vya nchi hii hufanywa na taasisi ya KEMRI, ambayo makao yake makuu hayako mbali na Kibera. Lakini kadi isiyokuwa na mtu wa kuifuatilia inaweza kuchelewa hata katika mwendo mfupi namna hiyo.

Mfumo uitwao HITSystem ulibuniwa kwa ajili ya watoto hao. Huwaunganisha wahudumu wa hospitali na maabara, huwaonya hatua yoyote inapopitisha muda wake, na humtumia mama arafa arudi kliniki. Ulijaribiwa katika hospitali 6 za Kenya mwaka wa 2014 na 2015, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2018. Pale ulipotumika, watoto 85 kati ya kila 100 walikamilisha huduma ya uchunguzi. Pale ulipokosekana walikuwa 60. Watoto 25 katika kila 100 ni tofauti kubwa kwa kengele ndogo.

"Mambo?"

Hata hivyo, ujumbe unaokwenda upande mmoja hautoshi. Kati ya mwaka wa 2007 na 2008 watafiti waliwaandikisha wagonjwa 538 walioanza dawa za Ukimwi katika kliniki 3: Pumwani, Kajiado, na Hospitali ya Coptic iliyo Barabara ya Ngong, ambayo wakazi wa Kibera na Kawangware wanaijua vizuri. Nusu hivi walipokea kila juma neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu katika saa 48: "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Baada ya mwaka mmoja, virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliopokea ujumbe, na asilimia 48 ya wale wengine.

Tazama hekima ya neno hilo. Mume, jirani au mwenye duka akilisoma, ameona salamu tu. Nyumba nyingi za Gatina au Laini Saba hutumia simu moja watu watatu, na arafa inayotaja ugonjwa inaweza kuvunja ndoa au kumtoa mtu kazini. Sheria ya Ukimwi ya mwaka wa 2006 inalinda siri ya majibu yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kurekebishiwa habari zako zilizoandikwa vibaya. Zitumie.

Ufanye nini wewe?

1. Unapotoa damu, makohozi au kipimo cha mlango wa kizazi, uliza majibu yatatoka siku gani, na uandike tarehe hiyo kwenye kadi yako.

2. Mwombe karani akusomee nambari yako ya simu kama ilivyo kwenye kompyuta, tarakimu kwa tarakimu. Ukibadilisha laini, rudi uiandikishe upya.

3. Sema wazi kama simu hiyo ni yako peke yako. Kama sivyo, omba arafa isitaje ugonjwa, au toa nambari ya mtu unayemwamini kabisa.

4. Pamoja na simu, taja mahali unapokaa kwa alama za mtaa: kanisa, msikiti, shule, kituo cha matatu. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kukufikia pale mtandao unaposhindwa.

5. Ukipokea ujumbe wa kurudi kliniki, nenda siku hiyo au ya pili yake. Usingoje mwisho wa mwezi.

6. Tarehe ikipita bila ujumbe, nenda mwenyewe ukiwa na kadi. Karani akikuambia, "Kama hatukukupigia basi uko sawa," mwombe kwa heshima afungue rekodi yako na kuangalia. Anaweza kukuta majibu yalikwisha kufika, au kwamba kipimo hakikufika maabara na unahitaji kutoa kingine siku iyo hiyo.

Usikubali kwamba umepona wala kwamba u mzima hadi mtu aliyeyaona majibu akuambie hivyo.