Mzee wa Stockton na Timu Yake ya Mwaka 1943

Wasikilizaji wangu, leo nataka kuwaeleza habari za chuo kidogo cha Marekani, na jinsi timu yake ya mpira ilivyocheza katika mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huenda mtu akauliza, "Mpira una faida gani watu wanapouawa vitani?" Swali hilo ni la haki. Basi na tutazame kwanza mambo yaliyotokea, kisha kila mtu apime kwa akili yake.

Yafaa mjue ya kuwa mpira wa Kimarekani si huu tunaoucheza sisi kwa miguu. Mpira wenyewe si wa mviringo, bali umechongoka pande mbili, na mchezaji huukumbatia kifuani akakimbia nao. Kila upande una watu 11. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakishindwa, mpira huwa wa wapinzani wao. Mtu akiufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho, timu yake hupata pointi 6. Ni mchezo wa nguvu, maana watu huangushana chini. Lakini ni mchezo wa akili pia, kwa kuwa kila shambulio hupangwa kabla ya kuanza.

Chuo nilichokitaja kiliitwa College of the Pacific. Kilianzishwa na Wamethodisti mwaka 1851, na tangu mwaka 1924 kimekuwa katika mji wa Stockton, California. Mwalimu wake wa mpira alikuwa Amos Alonzo Stagg, aliyezaliwa mwaka 1862. Katika ujana wake alisoma Yale akinuia kuwa mhubiri, lakini akaona ya kuwa ataweza kuwaongoza vijana vizuri zaidi uwanjani kuliko mimbarani. Alifundisha katika University of Chicago tangu mwaka 1892 mpaka mwaka 1932. Alipotimiza miaka 70 akaambiwa kwamba umri wa kustaafu umefika. Mzee hakukubali kukaa kitako. Mwaka 1933 alishika kazi Stockton, na mwaka 1943 ulipomkuta huko alikuwa na miaka 81.

Marekani iliingia vitani Desemba 1941, na vijana wengi wakaitwa jeshini. Vyuo vingi vilikosa wachezaji, na vingine vikaacha mpira kabisa. Hata Stanford na Santa Clara, majirani wa Stockton, hawakuwa na timu mwaka 1943. Tena palikuwa na amri mbili zilizotofautiana. Jeshi la Nchi Kavu liliwakataza wanafunzi wake kuchezea timu za vyuo. Jeshi la Wanamaji liliwaruhusu. Tarehe 1 Julai 1943 Wanamaji walianzisha mafunzo yaliyoitwa V-12, ili kuwapata maofisa wenye elimu, na vyuo 131 vilishiriki. Stockton palikuwa pamoja navyo.

Hivyo vijana waliokuwa wakicheza katika vyuo vingine wakajikuta wametumwa Stockton, wamevaa nguo za ubaharia. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Lakini msidhani ya kuwa walikwenda kucheza tu. Walifundishwa hesabu na elimu nyingine zimpasazo ofisa wa majini, wakafanya gwaride, na mpira ukapata saa zilizobaki.

Timu hiyo ilicheza michezo tisa, ikashinda saba. Iliishinda University of California kwa 12 kwa 6, ikaishinda na UCLA kwa 19 kwa 7, navyo vilikuwa vyuo vikubwa kupita Pacific mara nyingi. Kisha ilikutana na Del Monte, timu ya kambi ya Wanamaji ya kuwaandaa marubani. Del Monte walishindwa mara moja tu mwaka ule, nao walishindwa na vijana wa Stagg, 16 kwa 7. Pacific wenyewe walishindwa na USC kwa 6 kwa 0, na timu ya jeshi ya March Field. Mwisho wa mwaka timu yao iliwekwa ya 19 katika nchi nzima, na walimu wa mpira wakamchagua Stagg kuwa mwalimu bora wa mwaka. Jungu kuu halikosi ukoko.

Lakini mkono ule ule uliotoa ndio uliotwaa. Kijana wa V-12 alikuwa askari, na amri ilipofika aliondoka, hata ikiwa ni katikati ya michezo. Huko Notre Dame, Angelo Bertelli alicheza michezo sita tu mwaka ule, kisha akaitwa na jeshi la Marines. Hata hivyo alipewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Basi mwalimu wa siku zile aliwafundisha watu asiojua kama Jumamosi ijayo watakuwapo.

Mwaka 1944 timu ya Stockton ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Mwaka 1945 haikushinda mchezo hata mmoja. Mwalimu alikuwa yule yule, na maarifa yake yale yale. Mkewe, Stella, aliyezoea kumsaidia kwa kuandika jinsi kila mchezo ulivyokwenda, alikuwa bado pamoja naye. Kilichopungua ni wachezaji. Stagg hakukimbia, aliendelea mpaka mwaka 1946, kisha akaenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe kufundisha katika chuo cha Susquehanna. Alifariki Stockton mwaka 1965, mwenye miaka 102.

Nadhani jibu la swali letu limo humo. Kama faida ya mpira ni ushindi, basi kazi ya mwaka 1945 ilikuwa bure. Lakini kijana anayekwenda merikebuni anahitaji kutii amri, kumtegemea mwenziwe, kuanguka na kuinuka tena. Mambo hayo yalifundishwa mwaka wa kushindwa sawasawa na mwaka wa kushinda. Walimu wenzangu na wanafunzi, tuitazamapo timu ya shule yetu, tusihesabu magoli peke yake.