Mzani wa Mtafiti: Unapima Nini, na Unaacha Nini?

Asubuhi, mitumbwi ifikapo kwenye mialo ya Musoma, sangara huwekwa mzanini na uzito wake huandikwa daftarini. Mzani husema kweli, lakini husema jambo moja tu. Hauelezi nani alipiga kasia usiku kucha, wala nani alizishona nyavu. Watafiti wa sayansi nao wana mzani wao. Yafaa wananchi wauelewe, kwa kuwa mara nyingi hutumika katika kuamua nani apandishwe cheo na nani apewe fedha za utafiti.

Msingi wa mzani huo ni marejeo. Mtafiti aandikapo makala humpasa kuzitaja kazi za wenzake alizozitegemea, na kila kutajwa huko huhesabiwa. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alianza kuchapisha faharasa kubwa ya marejeo ya kisayansi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo kiitwacho h. Tuseme mtafiti ana makala tano, zilizotajwa mara 40, 12, 4, 3 na 1. Makala zisizopungua tatu zimetajwa angalau mara tatu kila moja, lakini hazipo nne zilizotajwa angalau mara nne. Basi h yake ni 3. Makala moja iliyovuma sana haitoshi kukikuza kipimo hiki, wala makala nyingi zisizosomwa na mtu.

Mfano wa kweli wa mzani huu unapatikana mkoani Mara. Msafiri atokaye Musoma kwenda Mwanza, akishaupita mji wa Bunda, hulikuta lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ndani ya hifadhi hiyo, kuanzia mwaka 2010, watafiti wa simba wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera 225 katika eneo la kilometa za mraba 1,125. Mnyama apitapo, kamera hupiga picha bila kushikwa na mtu. Picha zilipozidi uwezo wa watafiti, watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 waliojiandikisha, na wengine 40,000 wasiojiandikisha, walisaidia kuwatambua wanyama hao kwa njia ya intaneti.

Mwaka 2018 ikatoka makala iliyoonyesha kwamba kompyuta yaweza kufunzwa kazi hiyo. Kwa kutumia hazina ya picha milioni 3.2 na majibu ya wale wa kujitolea, kompyuta ilijifunza kutambua aina 48 za wanyama. Katika asilimia 99.3 ya picha iliweza kufanya kazi kwa usahihi ule ule wa watu, yaani asilimia 96.6, na hivyo kuokoa zaidi ya saa 17,000 za kazi ya binadamu.

Makala hiyo ina majina saba. Mmojawapo ni Jeff Clune, ambaye mwaka 2015, pamoja na wenzake watatu, alichapisha habari za roboti ya miguu sita iwezayo kujifunza upya kutembea baada ya kuvunjika mguu. Hapa kipimo cha ushirikiano kinaonyesha faida yake. Majina saba huzaa viungo 21 vya mtu na mwenzake, na anayevichora viungo hivyo huona mara moja jinsi elimu ya roboti ilivyokutana na elimu ya simba.

Lakini mchoro huo huo una mapengo. Makala ikitajwa mara moja, kila mmoja wa waandishi saba huhesabiwa rejeo zima, hata kama kazi zao hazikulingana. Wale maelfu waliotoa majibu yaliyoifunza kompyuta hawamo. Pia mtu akishukuriwa kwa sentensi moja mwishoni mwa makala, kwa mfano aliyezungukia kamera porini kubadilisha betri, shukrani hiyo haiongezi chochote katika hesabu. Yeye ndiye mpiga kasia wetu.

Jambo hili lina uzito kwa mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama. Endapo ataandika kijitabu cha Kiswahili kinachomfunza mkulima wa Bunda kuutambua muhogo wenye ugonjwa, huenda kikaokoa mashamba mengi na bado h yake isisogee, kwa sababu mkulima huvuna, haandiki marejeo.

Haifai kwa sababu hiyo kuutupa mzani. Bila mzani, mnunuzi na mvuvi wangegombana kila siku. Linalopasa ni kuusoma pamoja na maswali mengine: nani alikusanya takwimu, jina lake limewekwa wapi, na ni nani alifaidika na matokeo? Kamati ya kupandisha vyeo isiyoyauliza hayo itakuwa imepima samaki na kumsahau mvuvi.