Namba ya Kizimba na Haki katika Mbio za Farasi

Katika mbio za farasi zisizo na viunzi, kila farasi huanzia ndani ya kizimba chenye namba, na namba hiyo hupatikana kwa kura. Kura yenyewe haina hila. Farasi wa tajiri na farasi wa mfugaji mdogo wana bahati ileile ya kuangukia kizimba chema au kibaya. Tatizo huanza kura inapokwisha kupigwa, kwa sababu kuanzia hapo farasi hawako tena katika hali moja. Kutegemea umbo la uwanja, umbali wa mbio na hali ya ardhi, namba fulani humpa farasi nafuu na nyingine humwongezea kazi kabla hata milango haijafunguliwa.

Chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni kona. Mwanariadha wa mita 400 hukimbia ndani ya mstari wake mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana wa mstari wa 2 huanzia mita 7.04 mbele ya wa mstari wa 1, na wa mstari wa 8 huanzia mita 53.03 mbele. Farasi hawana mistari. Wote hutoka kwenye safu moja iliyonyooka, kisha kila mpanda farasi hupigania kuusogelea uzio wa ndani kabla ya kona kufika. Anayeshindwa kuingia ndani huzunguka kwa nje, na hesabu ya hasara yake inajulikana: katika kona ya nusu duara, kila mita moja ya kukaa mbali na uzio huongeza takriban mita 3.14 za kukimbia, iwe kona ni pana au ni kali. Farasi anayezunguka mita 3 nje ya mwenzake hukimbia zaidi ya mita 9 za ziada. Hizo ni karibu urefu wa farasi wanne, na mbio nyingi huamuliwa kwa pengo dogo kuliko hilo.

Uwanja unaoonyesha jambo hili waziwazi ni Chester, Uingereza, ambako mbio zimekuwa zikifanyika tangu 1539. Mzunguko wake ni zaidi kidogo tu ya maili moja, na karibu wote umepinda. Katika mbio fupi za pale, za mita 1,000 hivi, sehemu kubwa ya safari ni kona, na farasi wa kizimba cha nje hana nafasi ya kutosha kuwapita wenzake na kuingia ndani. Humlazimu achague kati ya mabaya mawili: atumie nguvu nyingi mapema ili awe mbele, au arudi nyuma aingie ndani akiwa amekwisha kuachwa. Watu wazoefu wa Chester husoma namba ya kizimba kabla ya jina la farasi, na wana haki ya kufanya hivyo.

Mtu angedhani kwamba njia iliyonyooka haina upendeleo. Sivyo. Huko Ascot na Newmarket, mbio za njia nyoofu zikiwa na farasi wengi, mara nyingi kundi hugawanyika mawili, moja upande huu na jingine upande wa pili. Upande mmoja ukiwa umekauka vizuri na mwingine umelowa, au ukiwa na majani ambayo hayajakanyagwa sana, walioko upande mbaya hushindwa wote kwa pamoja, hata walio hodari. Upendeleo wa namna hii hubadilika na mvua, umwagiliaji na upepo. Uzio ukisogezwa ili kupumzisha majani, hali inaweza kugeuka tena.

Marekani, ambako mbio kubwa hukimbiwa juu ya udongo, kuna adha nyingine. Kentucky Derby hukusanya hadi farasi 20 katika uwanja wa Churchill Downs, kwa umbali wa maili moja na robo. Aliye kizimba namba 1 yuko karibu zaidi na uzio, lakini farasi 19 humwegemea kutoka upande mmoja wakitafuta njia fupi. Akichelewa kutoka, hubanwa, kisha hukimbia akipigwa usoni na udongo unaorushwa na kwato za walio mbele. Kwa miaka mingi yalitumika mageti mawili yaliyounganishwa, la vizimba 14 na la vizimba 6, na upana wake ulimfanya farasi wa namba 1 aanze akiwa ameuelekea uzio. Mwaka 2020 lililetwa geti moja la vizimba 20. Hadi mbio za 2025, mshindi wa mwisho kutoka namba 1 alikuwa Ferdinand, mwaka 1986.

Takwimu hizi, hata hivyo, zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Namba 17 haijawahi kutoa mshindi wa Kentucky Derby hadi 2025, ingawa zaidi ya farasi 40 wamekwisha kuanzia hapo, na kila mwaka husemwa kuwa ina mkosi. Tuseme kila kizimba kina uwezekano sawa wa 1 kati ya 20. Kizimba kimoja kukosa ushindi mara 40 mfululizo bado kuna uwezekano wa karibu asilimia 13. Kwa kuwa vizimba ni 20, si ajabu kimojawapo kikose. Jirani yake, namba 18, imetoa washindi mwaka 2020 na tena 2025. Upendeleo wa kweli una sababu inayoonekana, kama kona au ardhi, na hujirudia katika mbio nyingi. Namba 17 haina sababu kama hiyo.

Linalouma zaidi ni kwamba mchezo huu hujali sana usawa mahali pengine. Katika mbio za kusawazisha uzito, farasi hodari hubebeshwa mzigo zaidi ili wote wawe na nafasi. Kwa kipimo kinachotumika Uingereza, urefu wa farasi mmoja katika mbio za mita 1,000 ni sawa na takriban ratili 3. Wakufunzi hubishana na wapanga uzito juu ya ratili moja, ilhali kona mbaya inaweza kumnyang'anya farasi urefu wa mara nne, yaani ratili 12, bila mtu kulipwa fidia. Kumfidia kwa uzito si rahisi, kwa kuwa upendeleo hugeuka na hali ya hewa ilhali uzito hupangwa siku kadhaa kabla.

Dawa zinazofaa zaidi ni kupunguza idadi ya farasi kwenye viwanja vyenye kona kali, kuanzishia mbio mbali na kona, na kuwaachia wenye farasi wachague kizimba kwa zamu zilizopangwa kwa kura. Utaratibu huu wa mwisho ulitumika Kentucky Derby ya 2008. Zamu ya mkufunzi wa Big Brown ilipofika, vizimba vilivyobaki vilikuwa vichache, vya ndani kabisa na vya nje kabisa. Akachagua namba 20, ili farasi wake asibanwe na mtu. Hakuna aliyekuwa ameshinda kutoka namba hiyo tangu 1929. Big Brown alishinda kwa karibu urefu wa farasi watano.