Wa Kuandikiwa Watoto Kwanza ni Kijuma

Swali la maisha ya nani yaandikiwe watoto wa Lamu huwa na majibu mawili mepesi: Fumo Liyongo na Mwana Kupona binti Msham. Wote wanastahili, ila kila mmoja ana ugumu wake. Liyongo ni shujaa wa masimulizi. Hata karne aliyoishi inabishaniwa mpaka leo, na anayejitia kumwandikia wasifu atamuuzia mtoto ngano kwa bei ya tarikhi. Mwana Kupona ni mtu wa historia, mzaliwa wa Pate na mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Lakini ukiuweka utendi huo kando, yanayojulikana juu yake hayajazi kurasa nyingi, na pengo hilo mwandishi hushawishika kulijaza kwa maneno ambayo bibi huyo hakuyasema. Kwa maoni yangu wa kutanguliza ni Muhamadi bin Abubakari Kijuma, kwa sababu maisha yake yameacha ushahidi ambao mtoto anaweza kuuona kwa macho.

Kijuma alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855, akafariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu, mchonga nakshi, mtunzi wa nyimbo za ngoma na mpigaji wa kibangala, ala ya muziki ya nyuzi. Mwaka 1913 aliandika utendi wa Liyongo kwa ajili ya mtaalamu wa Kiswahili Alice Werner, na katika miaka ya 1930 aliwanakilia tendi watafiti William Hichens na Ernst Dammann, Mjerumani aliyekuja Lamu kusoma kwake. Ndiyo maana kazi nyingi za mkono wake zimehifadhiwa London na Ujerumani. Hapa pana somo ambalo vitabu vya mashujaa hulisahau: kwamba hadithi tunazoziita za kale zilifika kwetu kwa sababu mtu fulani aliketi akaziandika, na mwingine akamwagiza na kumlipa. Mtoto akilijua hilo atauliza pia kwa nini karatasi hizo ziko Ulaya. Aulize.

Wapo watakaosema kwamba wasifu wa mtoto ni wa kumpa kigezo chema, na mtu aliyetunga tendi za dini huku akishika kibangala atamchanganya. Hoja hii ina uzito katika mji wa dini wenye Msikiti wa Riyadha, ila inamdharau msomaji. Utendi wa Liyongo wenyewe unasimulia mwana anayemuua babaye kwa tamaa, na hakuna aliyewahi kudai watoto wa pwani wasiusikie. Shaaban Robert naye, katika wasifu wa Siti binti Saad, hakuficha ufukara wa Siti wala kwamba aliwahi kuchuuza vyungu. Sifa ya mwimbaji huyo inapata nguvu kwa sababu tunajua alikotokea. Mtu aliyesafishwa mpaka hana doa hamfundishi mtoto namna ya kuishi na matakwa yanayovutana ndani yake.

Pingamizi zito zaidi ni la utumwa. Kijuma alikulia katika Lamu ambayo utajiri wake ulitegemea mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, na utumwa wa pwani ya Kenya haukufutwa kisheria ila mwaka 1907, yeye akiwa mtu mzima. Je, hayo aambiwe mtoto? Naam, kwa lugha ya umri wake, kwa kuwa baadhi ya watakaokisoma kitabu hicho ni vitukuu vya watumwa hao, na nakshi za milango hazielezeki bila jasho lililozigharimia.

Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya Kijuma, kwa hiyo mwandishi hana udhuru wa kukosa pa kuanzia. Wachapishaji wa Nairobi na Mombasa wamtafute mtu wa Lamu anayeisoma hati ya Kiarabu, wamlipe vizuri, na watie picha za kurasa zenyewe mbele ya msomaji wa miaka 12.