Ini Laini Lisikudanganye

Kwenye mialo ya Musoma na Bunda, mtu akitapika damu wengi hudhani ni pombe au vidonda vya tumbo. Mimi ningemuuliza kwanza ameoga ziwani miaka mingapi.

Shida inaweza kuwa kwenye ini. Madaktari wamepapasa matumbo tangu zamani kutafuta ini gumu. Mwaka 2003, Laurent Sandrin na wenzake wa Ufaransa walieleza namna ya kuugeuza ugumu huo kuwa namba. Kifaa hugonga kidogo katikati ya mbavu, mtikisiko ukapita ndani ya ini, na utrasaundi ikaufuatilia. Penye ugumu, mtikisiko hukimbia zaidi. Kwenye ini lenye afya huenda kama mita 1 kwa sekunde, yaani ugumu wa kilopaskali 3. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ugumu huongezeka mara nne, hadi 12. Hapo mgonjwa wa homa ya ini B huanza kushukiwa kuwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Wala hachomwi sindano.

Ila kichocho cha tumbo huipiga chenga namba hiyo. Vimelea hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya anayevua au anayefua, na minyoo huishia kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yasiyotoka na kinyesi husombwa hadi kwenye ini, na mwili huyazungushia makovu. Makovu hayo huandama matawi ya mshipa unaoleta damu. Mwaka 1904 William Symmers aliyafananisha na mashina ya viko vya udongo. Nyama iliyo katikati mara nyingi hubaki laini, kwa hiyo kipimo kinaweza kutoa namba ndogo, ilhali damu iliyozibiwa njia imeshachepukia kwenye mishipa ya umio. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa utafiti uliochapishwa 2014, zaidi ya nusu ya waliotapika damu na kuchunguzwa kwa kamera walikutwa na mishipa hiyo imevimba.

Bandama husema kweli zaidi: damu ikirudi nyuma, huvimba na kukakamaa, na ugumu wake nao hupimika.

Hata hivyo, fedha zikitosha kitu kimoja tu kwa kituo cha afya cha Butiama, ningenunua utrasaundi ya kawaida na kumsomesha mtu wa kuitumia. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uliotokana na mkutano wa Niamey, 1996, husoma makovu yenyewe pichani, pamoja na upana wa mshipa unaoleta damu kwenye ini. Kipima ugumu kiende hospitali ya rufaa, kwa wagonjwa wa homa ya ini B. Prazikwanteli huua minyoo, lakini mshipa wa umio uliokwisha kuvimba bado unaweza kupasuka. Mwenye nao anahitaji propranololi, au afungwe mshipa kwa kamera.